Safu ya Mwisho

Daftari langu lina safu saba:
nambari, tarehe, mdai, mdaiwa,
kiasi, riba, na ile ya mwisho, pana kuliko zote,
iliyoandikwa juu yake IMETIMIZWA.
Miaka ishirini na mitatu masjalani, korti ya Bungoma,
na hakuna aliyewahi kulalamika
kwamba safu hiyo imejaa.

Namarome alikuja siku ya hukumu na leso mpya.
Hakimu alikuwa amesoma kwa dakika nne:
elfu themanini na sita, na gharama,
na riba asilimia kumi na nne hadi deni liishe.
Akafungua kikapu, akakishikilia dirishani kwangu.
"Sasa nipe."
Nikampa karatasi yenye muhuri.
Akaigeuza, akatazama nyuma
kama kuna kitu kimebanwa huko.
Mama, hukumu si pesa.
Hukumu ni ruhusa ya kuanza kuzitafuta.

Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo tunavyosema.
Wabomba, fundi wa nguo, alikopa matanga yenyewe:
kwa Namarome alichukua fahali, mchele, turubai,
baba yake azikwe kama mtu.
Watu wakala, wakasifu mchuzi, wakaenda zao.
Sasa kulipa kwake tukuiteje?

Dalali akapanda hadi Sang'alo, kalamu sikioni.
Akaorodhesha viti sita, kabati la vyombo, redio,
ng'ombe wa maziwa, mwekundu, pembe moja imekatika.
Siku saba, akasema, ulipe au nirudi na lori.
Vitanda akaviruka, na sufuria. Sheria haivigusi.
Na cherehani, kwa kuwa ni chombo cha kazi:
aliipita kama mtu anayempita jirani
waliyenuniana.

Siku ya nane lori likarudi.
Ng'ombe alikuwa amekwenda kusalimia wakwe, Chwele.
Viti, mke akala kiapo, ni vyangu, nilikuja navyo.
Kabati likakwama mlangoni, likaachwa.
Redio ikapigwa mnada kwa shilingi mia tisa,
na ada ya dalali ilikuwa elfu nne.
Nikaiandika hasara hiyo
kwa wino uleule wa bluu.

"Basi afungwe."
Afungwe, sawa. Lakini mfungwa wa deni
hulishwa na anayemdai. Weka kwanza pesa za chakula.
Namarome alinitazama mpaka foleni ikakohoa.
"Nimewalisha waombolezaji wake.
Sasa nimlishe na yeye?"
Sikuwa na kifungu cha kumjibu.

Alilipa. Siku ya kumi na moja akarudi.
"Mtoeni. Huyu atanimaliza kwa ugali."

Wakapatana mbele ya hakimu, elfu mbili kila mwezi.
Nikapiga hesabu pembeni kwa penseli,
huku riba nayo inatembea.
Nitastaafu mimi, faili hili libaki kazini.

Kisha mwezi wa tatu wakaja siku moja,
wamesimama mbalimbali kama watu wa foleni mbili.
Namarome amevaa gauni la kitenge, kola imetulia,
maua yamekutana kwenye mshono hata huuoni.
"Andika. Ameshona yeye. Tupunguze mia sita."
"Mia nane," Wabomba akaiambia sakafu.
"Mia sita. Mikono inabana."

Malipo ya nje yasipoandikwa, korti haiyajui.
Ningeweza kuwarudisha nyumbani, walete fedha taslimu.
"Mia saba," nikasema, mimi ambaye si hakimu.
Wakatazamana, mara ya kwanza tangu fahali.
Wakatia sahihi.

Nikaandika katika safu ya mwisho,
kwa herufi ndogo, ili nafasi ibaki:
gauni moja, mia saba.
Mikono itapanuliwa.